Nimempa zawadi, nimemwombea, bado hanisalimii: nifanyeje na dada wa uhasibu?

"Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 28, nafanya kazi kwenye ofisi ya utalii hapa Arusha, nipo upande wa bukingi, yaani kuwapangia wageni safari, huu mwaka wa pili. Kuna dada wa uhasibu, ana kama miaka 41 hivi, ananikosesha amani kabisa. Nikipeleka vocha ya malipo anairudisha, mara mbili mara tatu, saa ingine anaisukuma tu mezani bila kuongea. Nikimpa shikamoo haitikii au anaitikia kwa pua. Aliwahi kusema mbele ya madereva 'hawa watoto wa bukingi wanadhani hela inaota kama magugu'. Mimi nimeokoka na nilijiwekea kwamba nitamshinda kwa upendo. Nimemletea maandazi, bethdei yake nikamnunulia kitenge kizuri, akasema asante akakiweka juu ya kabati la mafaili na mpaka leo kipo palepale, wiki ya tano. Kila asubuhi namtumia mstari wa Biblia WhatsApp, anasoma hajibu. Nimemwalika kanisani mara tatu maana nadhani hajaokoka. Nimefunga siku 7 kwa ajili yake, hata kwenye grupu letu la maombi nilimtaja wakamwombea, na ni kama nimechochea maana tangu hapo ndo amekuwa mbaya zaidi. Mtumishi mmoja ameniambia kuna roho inafanya kazi ndani yake, rafiki yangu yeye anasema mbloku uachane naye. Mama, Biblia inasema tuwapende adui zetu. Nikishindwa kuwa rafiki yake nimemkosea Mungu? Na nifanye nini ambacho sijafanya?"

Marahaba mwanangu. Meseji yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na peni mkononi napiga mistari, maana kuna vitu umevitaja harakaharaka kama mtu anayepita njia kumbe mzigo wote upo hapo. Jibu langu ni refu, weka chai pembeni.

Huyu dada tumpe jina tusichanganyane, mimi nitamwita Dada Vocha, na sio kwa kumdhihaki, utaona mbele kwa nini. Kama nimekuelewa una maswali mawili umeyafunga kamba moja. Moja ni la dhamiri, unaogopa usipofanikiwa kuwa rafiki yake umevunja amri. Lingine ni la mikono, unataka kujua ufanye nini kesho ukifika kazini. Naanza na la dhamiri kwa sababu hilo likikaa vibaya hili lingine litakuchosha bure.

Ulichoamriwa ni kupenda, urafiki hukuamriwa. Hapo wakristo wengi tunajichanganya, na wengine tumeumia miaka. "Wapendeni adui zenu, waombeeni wanaowaudhi," ndivyo ilivyoandikwa Mathayo 5:44, na hakuna mahali pameandikwa kwamba adui naye atakubali kwenda na wewe kula mchana. Kupenda unaweza kukutimiza wewe peke yako hata yeye akiwa amenuna: humsemi vibaya, humfanyii hila, unamtakia mema, akipatwa na shida unasimama naye. Urafiki unataka watu wawili na wote wawe wanautaka. Ndo maana Paulo kwenye Warumi 12:18 aliandika "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Hiyo "kama yamkini" na hiyo "kwa upande wenu" ni pa kupumulia, na nadhani aliandika hivyo kwa kuwa yalishamkuta. Yeye na Barnaba walikuwa wafanyakazi wenza, tena kwenye injili sio kwenye bukingi, wakagombana juu ya Yohana Marko mpaka wakaachana, Barnaba akapanda meli na Marko kwenda Kipro, Paulo akamchukua Sila akashika njia yake. Soma Matendo 15. Halafu soma 2 Timotheo 4:11, Paulo yupo kifungoni anaagiza Marko aletwe kwake kwa sababu anamfaa kwa utumishi. Katikati hapo ilipita miaka mingi na hatuambiwi walipatana lini wala nani alianza kusema samahani. Kwa hiyo hapana mwanangu, hujamkosea Mungu kwa sababu Dada Vocha hakucheki.

Na hilo la roho. Mimi ni mzee wa kanisa, naamini maombi na ninaomba, ila hapa nitakuwa mkali kidogo. Mtu akishakuambia mwenzako ana roho, unaacha kumuuliza maswali ya kawaida. Hutauliza tena amelala saa ngapi, ana mgonjwa nyumbani, bosi anamwambia nini wakiwa wawili, kila akifanya jambo unaona ile roho tu. Mpaka hapo mtumishi amekupa jina la tatizo hajakupa msaada. Rafiki yako wa kumbloku naye sijui anawaza nini, utambloku vipi mtu anayesaini hela za safari zako.

Sasa tuje kwenye vocha. Kabla sijawa mshauri nasaha nilikaa miaka 14 kwenye ofisi za utumishi za mahoteli, huku Moshi na huko kwenu Arusha, na ugomvi wa uhasibu na watu wa mauzo nimeusuluhisha mpaka nikachoka. Naomba ujiulize kwa ukweli, hizo vocha anazokurudishia zina nini? Dereva karudi porini na karatasi imeandikwa kwa mkono, haina TIN, ile namba ya mlipakodi, haina risiti ya mashine, hotuba ndefu tu kwamba kule hakuna mtandao. Wewe unataka isainiwe maana dereva amekusimamia kichwani. Yeye anajua TRA, watu wa kodi, wakija kukagua, matumizi yasiyo na risiti ya mashine wanaweza kuyakataa, na atakayeulizwa sio wewe, ni yeye. Au kontro namba, ile namba ya malipo ya serikali, ya kulipia hifadhi unampelekea saa kumi na nusu jioni, wageni wanaingia getini kesho asubuhi, unamwambia "dada ni dharura". Kwako ni dharura moja. Kwake ni ya sita siku hiyo na zote zinatoka bukingi.

Kazi ya yule dada ni kusema hapana, ameajiriwa kwa hilo. Mtu ambaye kutwa nzima kazi yake ni kusema hapana anazoea kuangaliwa kama mlango uliofungwa, mwisho anakuwa mlango kweli. Kulikuwa na mtaalamu wa saikolojia aliyeitwa Lee Ross, mwaka 1977 aliandika kuhusu kosa ambalo wengi tunalo: mwenzangu akikosea naharakisha kusema ndo tabia yake, nasahau mazingira yaliyombana. Nikikosea mimi, mazingira nayaona haraka. Ukichelewa wewe, daladala ya kutoka Kwa Mrombo ilijaa. Akichelewa yeye, ni mzembe. Wewe ukinyamaza una mawazo, yeye akinyamaza ana kiburi na roho juu. Sisemi Dada Vocha hana makosa, hayo maneno ya mbele ya madereva ni makosa na nitayarudia. Nasema tu kwamba nusu ya ugomvi wenu naona upo kwenye kiti alichokalia, na kiti huwezi kukifungia siku 7 kikaokoka.

Upande wako sasa, na hapa uvumilie. Maandazi, kitenge, mistari ya kila asubuhi, mialiko mitatu. Wewe unaona ni upendo na najua moyo wako ni mzuri. Jaribu kukaa upande wa pili wa meza. Kuna binti mdogo anakuletea karatasi zenye makosa, na kila asubuhi kabla hujafika kazini simu inalia, ni yule yule, amekutumia mstari. Nadhani hata mstari uwe wa faraja namna gani, Dada Vocha anausoma kama barua ya onyo. Anasikia kwamba umemweka kwenye orodha ya wanaohitaji kubadilika. Na umejuaje hajaokoka? Hujaandika kwamba umewahi kumuuliza, umeandika unadhani. Watu wananusa mradi mwanangu, mtu akijua wewe unamvua kama samaki anakaa mbali na ndoano hata kama chambo ni kitenge cha bei. Tena zawadi kubwa kwa mtu ambaye hamjazoeana inamtia deni, na hasa mtu wa hela anawaza haraka, huyu anataka nini, kesho ataniletea vocha gani nione aibu kuikataa? Kwenye uhasibu zawadi ina jina lingine kabisa, na inawezekana kile kitenge kipo juu ya kabati kwa sababu ni mwaminifu.

Ile mistari acha kuanzia kesho, wala usimtangazie kwamba umeacha.

Na shikamoo. Najua umelelewa vizuri. Ila kuna wanawake ukiwapa shikamoo ofisini mbele ya wageni na madereva ni kama umewasomea cheti cha kuzaliwa, miaka 41 bado anajiona dada, na wewe na yeye mnapokea mshahara ofisi moja. Wengine usipowapa ndo umewakosea, hakuna kanuni, ndo maana inabidi umsome mtu. Sikiliza wenzake wa rika lako wanamsalimiaje. Kama wanasema "dada za asubuhi" na anaitika, basi jibu unalo, hakuna haja ya kwenda madhabahuni.

Nilipopiga mistari miwili ni hapa: "kwenye grupu letu la maombi nilimtaja wakamwombea, na ni kama nimechochea maana tangu hapo ndo amekuwa mbaya zaidi." Umesema kwa jina. Kwenye grupu. Arusha ni mji mkubwa ukiuangalia kwa ramani, kwa watu wa utalii ni kijiji, madereva wote wanajuana, wapagazi wanajuana, mwimbaji mmoja wa kwaya ni mke wa mwongoza watalii wa kampuni jirani, na habari iliyotoka kwenye ombi haichelewi kufika. Mimi siwezi kuapa kwamba imemfikia, ila ningekuwa na hela ningeweka hapo. Fikiria umesikia kwamba watu 60 usiowajua wanakemea pepo lako kwa jina, na aliyekupeleka ndiye anayekuletea maandazi. Ungeitikia shikamoo?

Tunapenda sana njia hii sisi waombaji, umbea tukiufungia macho unakuwa ombi. Yesu alitoa utaratibu na wa kwanza kabisa sio grupu: "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu, akikusikia, umempata nduguyo." Mathayo 18:15. Kanisa linakuja mstari wa 17, baada ya kuwa umekwenda peke yako, umekwenda na mmoja au wawili, imeshindikana. Wewe umeanzia mstari wa 17. Na ule wa 15 hujaufanya, nimetafuta kwenye meseji yako yote, zawadi zipo, kufunga kupo, ila hakuna mahali umekaa na yule dada ukamwambia kwa mdomo "nikikuletea vocha ukaisukuma bila kuongea naumia". Umeuliza ni nini hujafanya. Hicho.

Kabla ya hapo kuna kingine kidogo, na hiki ndo nilitaka sana kukuandikia. Umetoa, umetoa, umetoa. Hujawahi kumuomba kitu. Fungua Yohana 4. Yesu amechoka, amekaa kisimani, wanafunzi wameenda mjini kununua chakula, anakuja mwanamke Msamaria, na Wayahudi na Wasamaria hawachangamani. Neno la kwanza analomwambia sio mahubiri na sio zawadi, ni "Nipe maji ninywe." Ameomba. Na kweli hana kitu cha kutekea, mwanamke mwenyewe anamwambia hivyo, kisima kirefu na ndoo huna. Yule mama ndiye mwenye ndoo. Zakayo vilevile, hakupelekewa kapu la matunda chini ya mkuyu, aliambiwa leo nashinda nyumbani kwako. Ukimuomba mtu kitu kilicho ndani ya uwezo wake umempa cheo, umekubali kwamba yeye ana ndoo na wewe huna.

Hata nje ya Biblia hili limeonekana. Mwaka 1969 watafiti wawili, Jecker na Landy, walifanya jaribio ambalo watu walishinda hela, kisha wengine wakafuatwa na mtafiti mwenyewe akawaomba wamrudishie kwa sababu ni hela yake ya mfukoni, wengine wakaombwa na sekretari kwa niaba ya idara, wengine hawakuombwa kitu. Baadaye walipoulizwa wanampenda kiasi gani yule mtafiti, waliompenda zaidi ni wale aliowaomba yeye mwenyewe. Maelezo yake ni kwamba akili inatafuta sababu ya nilichofanya: nimemsaidia, basi lazima ana kitu kizuri. Ukimsaidia wewe inakwenda kinyume, moyo wako ndo unazidi kumfuata yeye, na ndo maana wewe baada ya maandazi yote hayo umemzoea na yeye bado hajakuzoea.

Nikuambie yangu. Kwenye hoteli moja niliyofanyia kazi kulikuwa na mzee wa stoo, namwacha bila jina. Stoo ilikuwa na kidirisha cha mbao, anakifungua upana wa kiganja, unaona jicho moja na rundo la funguo shingoni, unapitisha fomu, fomu inarudi. "Haina saini." Unaenda kutafuta saini, unarudi. "Tarehe ya jana." Wapishi walimwita majina ambayo siandiki hapa. Nikaenda na moto wangu wote wa utumishi kumfundisha mahusiano mema kazini, nikamwandalia na semina ya nusu siku, alikaa nyuma akalala. Siku moja nilikwama na hesabu ya sare za wafanyakazi, haikubali kabisa, nikashuka stoo nikamwambia mzee mimi hizi kadi zenu sizijui, nionyeshe zinasomwaje. Kidirisha kikafungwa. Nikadhani ndo majibu, nikageuka niondoke, kumbe amezunguka kufungua mlango. Alinionyesha kadi zote, mwandiko mdogo kama wa sindano, sukari, mafuta, sabuni, kila kilo na siku yake, na akiwa anaonyesha akasema tu kama mtu anayeongea na rafu, zamani hapa ilipotea sukari gunia mbili nikakatwa mshahara miezi minne, mwanangu alikuwa kidato cha tatu. Sukari iliibiwa na mwingine, ilikuja kujulikana baadaye, hela hakurudishiwa wala hakuombwa samahani. Akamaliza kadi ya sabuni akafunga kabati.

Hatukuwa marafiki, nisikudanganye. Hakuwahi kuja kwangu wala mimi kwake. Aliendelea kurudisha fomu zangu za tarehe ya jana, ila kuanzia hapo alikuwa anazungushia kosa kwa peni nyekundu ili nisihangaike kulitafuta, na kwa mzee yule hiyo ilikuwa ni kama kukumbatiwa.

Kwa hiyo nenda kamuombe Dada Vocha akufundishe. Uwe unahitaji kweli maana uongo atauona. Peleka vocha tatu zilizorudishwa, mwambie "dada, nimegundua nakusumbua kwa kutojua, naomba dakika kumi unionyeshe vocha nzuri inatakiwa iwe na nini, nitawaandikia na madereva." Chagua siku. Sio mwisho wa mwezi akiwa na mishahara, sio siku za mwanzo wa mwezi akiwa na makato ya serikali, sio Julai au Agosti wageni wamejaa mpaka ofisi inanuka vumbi la porini. Baada ya hapo fanya alichokuambia, mwezi mzima, kila vocha ije na risiti yake imebanwa. Hilo tu litamfanyia mengi kuliko kitenge.

Baada ya wiki kama tatu hivi ndo ulete mazungumzo yenyewe. Wewe na yeye, mahali pasipo na watu ila panapoonekana, mkitembea kwenda kununua chai ni pazuri kuliko kukaa mnaangaliana, watu wengi maneno magumu yanawatoka vizuri miguu ikiwa inatembea. Anza na la kwako, la grupu. Hapa nimepima pande zote mbili: kama ningekuwa na uhakika hajasikia ningekuambia tubu kwa Mungu, lirekebishe kwa wale wa grupu, yeye usimtwishe, maana kuna kuungama kwingine ni kujitua mzigo na kumtwika mwenzio. Lakini dalili zinaonyesha kasikia, na kukaa kimya juu ya jambo ambalo wote mnalijua ni kama kupika kwenye sufuria ambalo halikuoshwa. Sema kwa ufupi: "Dada, niliwahi kukutaja kwenye maombi ya kanisani kwetu kwa jina. Sikupaswa. Nimewaambia wafute na wasiendelee. Naomba unisamehe." Usiongeze "lakini". Usilie sana, ukilia itabidi akubembeleze wewe. Na kabla ya kusema umewaambia wafute, uwe umewaambia.

Kwetu Uchagani mtu akitaka msamaha alikuwa anapeleka jani la isale, na ukiletewa isale ni vigumu mno kulikataa, wazee walilichukulia kwa uzito sana. Usimpelekee jani ofisini ataita mlinzi, ila chukua ile akili iliyo ndani yake: anayekuja na isale haji kununua moyo, amekuja kuomba.

Lile la kwako likipita, akitulia, sema na linalokuumiza, moja tu. Usitoe orodha ya miaka miwili. "Ile siku mbele ya madereva niliumia, nikikosea naomba uniite pembeni." Mithali 15:1, jawabu la upole hugeuza hasira, na upole sio kunyamaza, mbona hapo wanasema jawabu. Wengine wamefundishwa kwamba kugeuza shavu la pili ni kutosema kitu, wananyamaza miaka minne halafu siku moja wanapasuka kwenye kikao cha asubuhi mbele ya mkurugenzi, nimewaona wengi, tena waombaji.

Inaweza ikawa nini baada ya hapo? Mara nyingi kwa nilivyoona hampati urafiki, mnapata kazi kwenda vizuri na salamu inayoitikiwa, na hicho ni kitu kikubwa, ukikaa nacho mwaka mzima unaweza kushangaa siku moja anakuomba kiti cha gari mpaka Moshi. Mara chache inachanua kweli. Na mara nyingine haiwi kabisa, anakusikiliza, anasema sawa, kesho yake anaisukuma vocha vilevile. Ikiwa hivyo umemaliza wa kwako, rudi kwenye adabu ya kazi, salimia, peleka vocha safi, endelea kumwombea chumbani mlango umefungwa, chakula cha mchana kula na wanaokupenda. Nilikuwa na mmoja hivyo mimi, mwanamke tuliyekaa naye ofisi moja miaka mitatu, nilijaribu kila kitu nilichokuandikia hapa na hakuna kilichoingia, alihama nikashukuru.

Nikurudishe na kwenye ule mstari wa makaa ya moto, Warumi 12:20, unaosema adui yako akiwa na njaa mlishe, ukifanya hivyo utampalia makaa ya moto kichwani, maana nahisi umo humo kwenye "nitamshinda kwa upendo". Watu wanaupenda kwa sababu unaonekana kama kisasi kitakatifu, nampa maandazi aungue. Paulo ametoka mstari mmoja tu juu yake kusema msijilipize kisasi, kwa hiyo hawezi kuwa anakupa kisasi cha maandazi. Ukijikuta unampa kitu huku unasubiri aone aibu, kirudishe kwenye mfuko.

Yapo mambo ambayo sio ya urafiki wala ya maombi peke yake, na usikae nayo kwa jina la upendo. Akikutukana, akikutishia, akificha kazi zako ili ufukuzwe, akikudhalilisha mbele ya watu mara kwa mara hata baada ya kumwambia, andika tarehe na maneno yenyewe na nani alikuwepo, peleka kwa meneja au mtu wa utumishi. Wakikupuuza, Arusha kuna ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na siku zinahesabiwa: ukiachishwa kazi unayo siku 30 kupeleka lalamiko, migogoro mingine siku 60, watu wanakosa haki kwa kusubiri mpaka baada ya sikukuu. Akikuambia usaini vocha ya hela ambayo hujapokea, usisaini, hata mkiwa mmeshapatana na mnaitana dada. Na mtu yeyote ofisini akikushika au akikutaka kimapenzi kwa nguvu ya cheo, hilo ni kosa la jinai, dawati la jinsia polisi lipo kwa ajili hiyo.

Na jiangalie wewe. Umesema anakukosesha amani, hukusema kiasi gani. Kama Jumapili jioni tumbo linavuruga ukiwaza kesho, kama hulali zaidi ya wiki mbili, kama unalia chooni kazini au umeanza kuwaza heri usingekuwepo, acha kuniandikia mimi, nenda hospitali, Mount Meru ipo hapo karibu, uliza kitengo cha afya ya akili, au kaa uso kwa uso na mchungaji wako na mshauri aliyesomea. Na kwa sasa usifunge tena siku 7 huku unafanya kazi za msimu wa wageni, mwili uliochoka unamwona kila mtu adui.

Kuhusu kitenge, kiache juu ya kabati. Usikiangalie ukiingia, usikiulizie, na usimwambie mtu mwingine kwamba ni wewe ulikinunua.